Ushauri: Kijana Ameacha Shule, na Pesa Zake Ndizo za Unga



Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Magogoni, upande wa Kisauni. Mwanangu wa kwanza ana miaka 17. Alifanya KCPE mwaka 2023, akaingia shule ya upili ya kutwa, na alikuwa akienda vizuri tu. Mwaka huu yuko kidato cha tatu, au niseme alikuwa. Muhula wa pili ulipoanza akawa arudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana. Hatukuwa nazo. Akaniambia, "Mama, wacha niende Kongowea nikazitafute." Akaenda, akazipata, na shuleni hakurudi.

Sasa hutoka alfajiri kwenda kushusha mizigo ya malori sokoni. Jioni kuna mwenziwe humwachia tuktuk apige raundi mbili tatu. Nyumbani huleta shilingi 200, siku nzuri 300. Na nisikufiche, hizo ndizo za unga na mafuta ya taa, kwa sababu babake ni utingo wa malori na safari siku hizi ni za kubahatisha.

Babake ataka arudi shule kwa nguvu, amtishia hata kumtoa nyumbani. Kakangu aliye Doha asema tungoje atimize miaka 18 amtafutie kazi huko. Jirani yetu mwenye gereji asema nimpe amfunze kazi. Mwenyewe hataki kusikia habari ya shule. Asema kuna kijana wa mtaani aliyemaliza kidato cha nne na sasa wako naye Kongowea wabeba magunia pamoja, ya nini basi? Hapo sina la kumjibu. Usiku akichelewa silali, na mtaa wetu waujua. Dadake wa gredi ya nane naye ameanza kusema ataka kuuza viazi karai. Nishike lipi?

Mama wa Wanne, Magogoni


Dada yangu,

Umeniuliza habari ya shule, gereji na Doha, lakini jambo lenyewe umelitia katikati ya barua kwa sauti ya chini: pesa za kijana ndizo za unga. Hapo ndipo nitakapokaa kwanza. Nyumba yenu imepata mtafutaji mpya, na sijaona nyumba inayomwachisha kazi mtu anayeilisha.

Angalia mambo yalivyo kwa upande wake. Asubuhi babake amwambia arudi shule. Jioni aingia na shilingi 200, nawe wazipokea kwa dua. Ameambiwa mambo mawili kwa siku moja, na atakaloliamini ni lile linaloshibisha wadogo zake. Tena ana haki ya kujiona mwanamume: alitumwa pesa za chakula, wazazi hawakuwa nazo, akatoka akazitafuta mwenyewe. Sikulaumu kwa kuzipokea. Lakini mpaka pengo la pesa hizo lizibwe na mtu mwingine, kila neno la masomo litakalosemwa nyumbani kwenu kwake litakuwa kelele.

Basi tuhesabu. Shilingi 200 mpaka 300 kwa siku sita ni kama 1,200 mpaka 1,800 kwa wiki. Hilo ndilo pengo, na si pesa ndogo kwa nyumba ya Magogoni. Lakini si lazima lizibwe na mtu mmoja.

Wa kwanza ni huyo kakako wa Doha. Ana nia njema, anaahidi tiketi ya mwakani. Mwambie hivi, na mwambie mbele ya mumeo ili isije ikawa siri ya ndugu na dada: tiketi ishikilie, badala yake tuma kiasi fulani kila mwezi kuanzia sasa mpaka kijana amalize kidato cha nne. Mtajie kiasi. Mjomba akiombwa "msaada" hutuma mara moja kisha husahau, lakini akiombwa pesa za chakula cha shule za muhula mmoja, ajua aliloombwa na ajua lini litakwisha. Kama ana uwezo wa kugharimia safari, ana uwezo wa hili.

Wa pili ni kijana mwenyewe. Sikwambii mumkataze kazi kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu aliyefika miaka 16 kufanya kazi, mradi isiwe ya hatari. Jumamosi na likizo ni zake. Sokoni Kongowea kuna kazi za kupanga bidhaa, kuosha, kuuza na kumshikia mtu meza. Kazi ninayoipinga ni uhamali wa magunia. Gunia la viazi kisheria halifai kuzidi kilo 50, lakini nani asiyeijua lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu? Mgongo wa mtoto wa miaka 17 hauna wa kuutetea mbele ya lumbesa. Na tuktuk iachwe leo, si kesho. Hana leseni, wala hajafika umri wa kupewa leseni ya kubeba abiria. Akigonga mtu, zile shilingi 300 zitageuka deni la miaka.

Wa tatu ni mumeo na wewe. Siwezi kujua biashara gani itakayokufaa, lakini naona bintiyo ameshaona soko la viazi karai mlangoni. Kama soko lipo, liwe lako wewe, si lake.

Niseme kidogo habari za mbali, kwa sababu zafundisha. Waingereza walipitisha sheria mwaka 2008 ya kuwataka vijana wao wabaki katika masomo au mafunzo mpaka miaka 17 kuanzia 2013, na mpaka 18 kuanzia 2015. Lakini kabla ya sheria hiyo, tangu 2004, kote Uingereza kijana wa familia ya kipato kidogo aliyeendelea na masomo baada ya miaka 16 alikuwa akilipwa hadi pauni 30 kwa wiki, yeye mwenyewe, kwa kuhudhuria tu. Watafiti waliofuatilia malipo hayo yakijaribiwa waliona kweli waliobaki darasani waliongezeka kwa ajili yake. Baadaye serikali ikayafuta huko Uingereza yenyewe, ingawa Uskochi na Wales waliendelea nayo. Nchi tajiri kama ile iligundua kwamba kijana wa miaka 16 huacha shule kwa hesabu ya wiki, si kwa ujinga. Sisi hapa Kenya tangu 2018 tuna sera ya kila mtoto aliyemaliza shule ya msingi aingie kidato cha kwanza, na machifu walitumwa mitaani kuwatafuta waliobaki nyumbani. Ni sera nzuri. Iliwafikisha watoto mlangoni. Wakifika kidato cha tatu, wakaanza kukosa siku mbili kwa wiki, hakuna chifu anayebisha hodi.

Na hilo la chakula cha mchana nalo lina maelezo yake. Serikali ilipanga kumlipia kila mwanafunzi wa shule ya kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Pesa hizo mara nyingi hufika zimechelewa na zimepungua, na hata zikifika zote, chakula si sehemu yake. Kwa hiyo elimu iitwayo ya bure ina mlango wa nyuma wa kutozwa, na kwenye mlango huo ndiko alikotolewa mwanao. Nakwambia haya ili usifikiri ni nyinyi peke yenu mlioshindwa.

Sasa jambo la haraka, na nakuomba ulisome mara mbili.

Mwanao ni wa darasa la mwisho la mtaala wa zamani wa 8-4-4. Waliofanya KCPE mwaka 2023 ndio waliofunga mtihani huo, na wao ndio watakaoketi KCSE ya mwisho ya shule mwaka 2027. Nyuma yao hakuna kidato cha pili. Waliopo nyuma ni watoto wa mtaala mpya walioingia gredi ya 10 Januari 2026, wenye masomo mengine na mitihani mingine. Zamani kijana aliyeacha kidato cha tatu aliweza kukaa nje mwaka mmoja, akapata akili, akarudi kukariri darasa. Wengi wetu tuna ndugu aliyefanya hivyo. Mwanao hana darasa la kukariri. Akisema "nitarudi mwakani," atakaowakuta mwakani ni wenzake wakiwa kidato cha nne, yeye akiwa na pengo la mihula miwili na mtihani mwaka huo huo. Kwa hiyo shauri la kumwacha apumzike mpaka Januari, ambalo kwa kijana mwingine ningelitoa bila wasiwasi, kwake silitoi.

Namna ya kurudi ni hii. Msimtume peke yake. Nendeni wewe na babake, pamoja na kijana, asubuhi mapema kabla ya mwalimu mkuu kuingia mikutanoni. Msianze na kuomba radhi, wala na kuilaumu shule. Anzeni na kiasi: deni ni hili, leo tuna hiki, kila mwezi tutaleta hiki. Mwalimu mkuu ana mpishi na muuza maharagwe wanaomdai, na mzazi anayekuja na hesabu humpumzisha. Ombeni iandikwe. Mkiambiwa nafasi imefungwa, semeni kwa adabu kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yampa mtoto haki ya masomo mpaka mwisho wa shule ya upili, na kwamba wizara ilitoa mwongozo mwaka 2020 wa kuwarudisha shuleni wanafunzi walioacha. Wengi hudhani mwongozo ule ni wa wasichana waliojifungua tu. Wamo humo, na ni haki yao, lakini na walioacha kwa sababu nyingine wamo. Mkikwama, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ipo, na barua ya ukurasa mmoja yatosha.

Basari nazo zipo, za eneobunge na za kaunti, na zina msimu. Uliza kwa chifu na ofisi ya mwakilishi wa wadi ni ipi iliyofunguliwa sasa, uchukue fomu mapema, uambatishe ripoti ya muhula, nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya shule ya kuonyesha deni. Fomu inayorudi bila barua ya deni hukaa chini ya rundo. Kumbuka pia kwamba hundi hupelekwa shuleni, haiji mkononi mwako, kwa hiyo basari italipa karo na huenda isiguse unga. Ndiyo maana nilianza na mjomba.

Nije kwa swali lililokushinda kulijibu, la yule kijana mwenye cheti cha kidato cha nne anayebeba magunia.

Usimwambie mwanao kwamba amekosea. Ameona kweli. Katika KCSE ya mwaka 2024 walioketi walikuwa zaidi ya 960,000, na waliopata C+ ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja walikuwa kama 246,000, mmoja kati ya wanne. Mzazi anayemwambia mtoto "soma uende chuo kikuu" anampa ahadi ambayo watatu kati ya wanne hawataiona, na watoto wa mjini wanajua hesabu. Lakini mwulize swali hili: huyo mwenzio, baada ya kupata matokeo, alikwenda wapi kuuliza? Maana mwenye cheti cha KCSE, hata kama ana E, anaweza kuingia kozi ya ufundi ya ngazi ya kwanza. Mwenye D huingia kozi ya cheti, mwenye C- huingia diploma. Kenya Coast National Polytechnic iko barabara hii hii ya Kisauni. Matatu yaipita kila siku. Vyuo hivi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, na mwanafunzi aweza kuomba mkopo wa elimu wa HELB. Yule kijana wa magunia ana ufunguo mfukoni, hajaambiwa mlango. Mwanao ndiye ataka kuutupa ufunguo kabla hajaupata. Ningekuwa wewe ningewakalisha wote wawili barazani wakanywa chai, nikawatuma siku moja waende pamoja getini kuuliza kozi. Huenda ukaokoa watoto wawili kwa nauli ya mmoja.

Na gereji? Hapa huenda nikamkasirisha babake kijana, lakini nalisema: kama baada ya yote haya mwanao atakataa darasa kabisa, gereji ni bora mara kumi kuliko sokoni, na si aibu. Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kuona ufundi ni wa aliyeshindwa, tumesahau tulivyoanza. Chuo kikuu cha ufundi kilicho Tudor, ambacho leo tunakiita TUM, kilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa. Aga Khan alitoa pesa, Sultani wa Zanzibar akatoa, na jamii ya Mabohora ikatoa, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki yote wajifunze ufundi. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 kikapewa hadhi ya chuo kikuu. Wazee waliotangulia hawakuudharau mkono wenye spana.

Ila gereji ina masharti, na jirani ni jirani. Nimeona vijana wanaopewa fundi "wafunzwe kazi," wakakaa miaka mitatu wakileta chai, wakiosha injini na kusukuma magari, na siku ya kuondoka hawajui kufungua giaboksi. Kwa hiyo kabla hajaingia, kaeni: mumeo, jirani, na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Andikeni. Atajifunza nini katika miezi sita ya mwanzo, nini baadaye? Atalipwa posho kiasi gani, na lini itapanda? Saa za kazi zitakuwa zipi? Nani atanunua vifaa? Na sharti kubwa, ambalo jirani akilikataa usimpe mtoto: kijana ataachiwa nafasi afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, aanze na gredi ya tatu, apande ya pili na ya kwanza. Mtihani huo haumwulizi aliishia kidato gani, wamwambia afanye kazi aonekane. NITA ina kituo chake hapa Mombasa. Fundi mwenye gredi akienda kwenye kampuni ya malori Changamwe au Miritini husomwa karatasi yake, asiye nayo husikilizwa maneno tu.

Kuna pia vyuo vya ufundi vya kaunti, vile vilivyokuwa vikiitwa vyuo vya kijiji, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti. Hivyo humpokea hata mwenye KCPE peke yake. Kwa kijana aliyeishia kidato cha tatu, hiyo ndiyo njia iliyonyooka kuliko gereji ya mtu binafsi, kwa sababu mafunzo yana mwanzo na mwisho na mtihani. Ada yao ni ya chini, na mara nyingi basari za kaunti huvigusa. Ikiwa jirani ni mtu mwema, mwaka mmoja chuoni na likizo gerejini kwake ni mpango mzuri kuliko wote wa ufundi.

Akitimiza 18 utasikia pia habari za miradi ya serikali ya vijana, kama NYOTA inayowalenga wa miaka 18 mpaka 29 wenye elimu ya kidato cha nne kushuka chini, yenye ruzuku ya shilingi 50,000. Ajiandikishe, haidhuru. Lakini miradi huja na kuondoka, na wanaochaguliwa katika wadi moja ni wachache. Usipange maisha ya mtoto juu yake.

Doha nitaimaliza haraka. Kwa miaka 17, hapana. Kwa 18 bila cheti, pia hapana, ingawa najua pwani nzima ina mjomba Ghuba na nyumba nyingi za mawe zimejengwa kwa riyali. Asiye na karatasi huko hupewa kazi ya kubeba na kusafisha, yaani Kongowea yenye joto zaidi, mbali na mamake. Mwenye cheti cha umeme, mabomba au mashine za baridi huandikiwa mkataba mwingine. Siku hiyo ikifika, apite kwa wakala aliyesajiliwa na mamlaka ya ajira ya taifa, na msitoe hata senti kwa dalali wa barazani. Mjomba mwenyewe akiulizwa vizuri ataeleza tofauti ya waliokwenda na cheti na waliokwenda bila. Amelala nao chumba kimoja.

Sasa usiku. Waujua mtaa wako kuliko mimi, na Kisauni kote twajua habari za vijana wa mapanga, wengi wao wa umri wa mwanao na wadogo zaidi. Muguka nao uko kila kibanda. Kaunti iliupiga marufuku Mei 2024, mahakama ikaisimamisha amri hiyo, na wauzaji wakaendelea. Kijana mwenye pesa za mfukoni kila jioni na asiye na pa kwenda asubuhi ndiye anayetafutwa na makundi hayo. Simwambii mumeo awe mpole, namwambia awe karibu. Kumtoa mtoto nyumbani kwa sababu ameacha shule ni kumkabidhi kwa wanaomngoja nje. Afadhali amsindikize sokoni alfajiri moja, asimame kando aone mwanawe akibeba lile gunia. Baba aliyeshuhudia hilo, tena ambaye mwenyewe ni utingo na ajua uzito wa mzigo, ana maneno mengine ya kumwambia mtoto jioni, na mtoto ana masikio mengine ya kuyasikia.

Na zungumzeni naye mchana, si usiku amerudi amechoka. Muulize ilikuwaje shuleni kabla ya zile pesa za chakula. Kijana aliyekuwa akienda vizuri hakati shule kwa siku moja. Huenda aliitwa jina mbele ya darasa pamoja na wadaiwa wengine, au hesabu zilimshinda akaona aibu ikamzidi. Kama ni hesabu, kuna dawa: mwalimu wa ziada wa Jumamosi, au mwenziwe wa darasa anayeelewa. Kama ni aibu, dawa ni ile ziara ya asubuhi, babake akiwa ubavuni mwake. Asipokwambia siku ya kwanza, muulize tena wiki ijayo.

Usimlinganishe na binamu yake. Hilo najua utalifanya, kila mama hulifanya, nakuomba tu lisiwe mbele ya dadake.

Huyo dada tusimsahau, maana wasichana huacha shule kwa kimya kuliko kaka zao. Yuko gredi ya nane. Mwakani atafanya mtihani wa gredi ya tisa, na Januari 2028 ndiyo zamu yake ya kuingia shule ya upili ya juu na kuchagua mkondo wa sayansi, wa masomo ya jamii, au wa sanaa na michezo. Anamtazama kaka yake kila jioni akitoa noti mfukoni, na yeye amepiga hesabu ile ile. Ukiuza viazi karai, auze nawe wikendi, ajue faida, kisha Jumatatu awe darasani. Akianza kubaki nyumbani Jumatatu moja kukuangalizia sufuria, jua limeanza.

Dada yangu, orodha hii isikukimbize yote kwa pamoja. Wiki hii mpigie kakako, na tuktuk irudi kwa mwenyewe. Wiki ijayo nendeni shuleni wote watatu, hata kama shule zinakaribia kufunga, mkajue deni na mpange kulilipa. Muhula wa tatu hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, na watahiniwa wa KCSE husajiliwa mapema katika mwaka wa mtihani. Jina la mwanao lazima liwe katika daftari la shule kabla ya hapo.